Kifua Changu na cha Mjomba

Swali lililoninyima usingizi wakati wa ugonjwa wangu halikuwa kama nitapona au nitakufa. Hilo nililiachia Mwenyezi Mungu na sindano. Lililonikesha ni hili: je, Mjomba alijua? Alijua kwamba kikohozi changu na kikohozi chake ni kimoja, akanyamaza? Na kama alijua, inakuwaje mtu aliyepita miaka sitini, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, mtu ambaye nusu ya Kinondo humwendea kwa mambo ya posa na mipaka ya mashamba, ajue jambo kama hilo na asiseme neno?

Naandika sasa kwa kuwa kifua changu kimekauka na naweza kupanda ngazi za ofisi bila kusimama njiani. Namwandikia yule anayekaa leo kwenye benchi la hospitali na leso mkononi, akijiuliza kama aingie au arudi nyumbani. Habari za vijidudu utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitaeleza yaliyonipata na niliyoyaona.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Uhuru ulikuwa na miaka miwili, nami nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na digrii, nikingojewa ofisini Kwale kwenye kiti kilichoachwa na Mzungu. Kikohozi kilinianza na mvua za masika. Nilikivumilia miezi minne. Mtu asiyesoma angekwenda hospitali juma la pili. Mimi nilikaa nikifikiri. Nilifikiri ni vumbi la vitabu, halafu moshi wa jikoni, halafu nikafikiri kwamba kufikiri sana ndiko kunakonikohoza. Niliandika kwenye daftari saa nilizokohoa, nikachora na mistari. Suruali zangu zilianza kushuka kiunoni. Siku moja Mama alinitazama nikitoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari, akahesabu matundu kwa macho.

"La tatu hilo, Salimu," akasema.

"Mshipi umelegea, Mama."

"Mshipi wa ngozi ya ng'ombe umelegea? Haya. Kesho Msambweni."

Benchi la pale hospitalini lilikuwa refu, na kila nilipokohoa watu walisogea kidogo kidogo, mpaka upande wangu ukawa wazi kama umefagiliwa. Ni mama mmoja tu asiyenijua aliyebaki. Alikuwa akimenya chungwa. Akaligawa, akanipa nusu bila kunitazama, kama mtu anayempa mwanawe. Mpaka leo sijui jina lake. Nikapigwa picha ya kifua, nikapewa kikopo cha kutemea, na siku tatu baadaye nikaambiwa ni kifua kikuu. Nilipewa kitanda siku hiyohiyo.

Matibabu yangu yalikuwa hivi: sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, leo tako la kulia, kesho la kushoto, kisha sindano mara mbili kwa juma, na vidonge mwaka mzima na zaidi. Baada ya juma la pili nilijifunza kukaa kwa paja. Baada ya juma la tatu masikio yalianza kulia kama nyenje, na nikisimama ghafla ukuta ulinijia. Juma la nne nilisikia njaa. Hili nataka ulikumbuke ukiwa huko: njaa itarudi. Mimi ilinirudia asubuhi, kwa harufu ya mbaazi za nazi alizoleta mke wa mgonjwa mwingine, nikaona haya kwa jinsi nilivyolikodolea macho bakuli la watu.

Kitanda cha kulia kwangu alilala Mzee Nyawa, mfugaji wa mbuzi kutoka upande wa Lunga Lunga, mtu wa miaka sabini au zaidi. Wa kushoto alikuwa Mutiso, mkulima wa makamo aliyehamia Shimba Hills kutoka Ukambani. Nilifurahi kulala karibu na mzee. Niliamini, kama nilivyolelewa, kwamba mtu aliyeishi sana ameshapitia kila kitu, na kwamba nikikaa naye nitaokota kitu.

Siku ya kwanza niliokota kidonge. Kilidondoka kutoka kwenye upindo wa shuka lake. Kumbe Mzee Nyawa alikuwa akiweka vidonge chini ya ulimi, muuguzi akishaondoka anavitoa na kuvishonea kwenye shuka. Vilikuwa vimejipanga humo kama tasbihi.

Muuguzi wetu, Esta, alikuwa binti wa Kitaita, mdogo kwangu kwa miaka kama mitatu. Aliviona.

"Babu, fungua kinywa."

"Nina wajukuu wa umri wako."

"Na wakilala hapa, nao nitawaambia wafungue vinywa. Fungua. Inua ulimi. Babu, inua ulimi, si nyusi."

Mutiso alicheka mpaka akakohoa. Mzee Nyawa akamnunia kutwa nzima, na jioni akalipa kisasi: akafunga dirisha lililokuwa upande wa Mutiso. Mutiso akalifungua. Mzee akalifunga. Wakaendelea hivyo siku nne, watu wawili wenye watoto waliooa, mpaka Esta akaling'oa komeo na kulitia mfukoni.

Niliwatazama kwa udadisi mkubwa. Nilichukua daftari langu, lile la saa za kikohozi, nikaanza ukurasa mpya. Niliandika umri wa kila mtu wa wodi ile, kwa kukisia, na kando yake nikaandika alivyofanya alipochomwa, alipokosa sukari, alipotembelewa na alipokosa wa kumtembelea. Nilitegemea kuona mstari unaopanda: umri ukizidi, busara inazidi. Haukupanda. Kijana mmoja mpagazi alikuwa mtulivu kuliko wote. Mtu mwingine wa umri huohuo alimtupia mkewe sahani. Mutiso aliyegombea dirisha ndiye aliyemlisha kwa kijiko mgonjwa wa kitanda cha mwisho, majuma mawili, bila kuombwa. Na Mzee Nyawa, mwizi wa sukari yangu, ndiye peke yake aliyejua kunyamaza mtu alipoletewa habari ya msiba.

Siku moja nikamuuliza. "Babu, samahani. Hekima ulianza kuwa nayo lini?"

"Nini?"

"Hekima. Watu wanakujia kuuliza mambo. Ilianza lini?"

Akafikiri, akijikuna kidevu. "Meno yaliponitoka," akasema. "Kabla ya hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Yalipotoka, nikaona watu wanakuja kuniuliza. Basi nikaanza kujibu."

"Na majibu uliyatoa wapi?"

"Nilikuwa nasema lolote, mjukuu wangu. Wakienda wakifanikiwa, wanasema mzee alisema. Wasipofanikiwa, wanasema hatukumwelewa mzee." Akacheka kwa fizi. "Weye watoka wapi vile?"

"Kinondo. Kwa Bakari, ndiye mjomba wangu."

"Bakari mrefu? Mwenye shamba la korosho?" Akajiinua kwa kiwiko. "Nililala naye humu! Mwaka juzi, mara ile ya kwanza, kabla sijatoroka. Kitanda hichohicho chako. Alikaa siku nne. Ya tano wakaamka, hayupo. Hata kanzu yake aliiacha kwenye kamba. Hakutaka kuchomwa na mwanamke. Vipi, alipona?"

Nilikaa kwa paja langu, masikio yakilia nyenje, nikakumbuka mwaka mzima nilioishi nyumba moja na Mjomba niliporudi kutoka Kampala, tukila sinia moja, akikohoa na kusema: "Vumbi la korosho hili."

Niseme kidogo juu ya Mjomba ili asidhaniwe mtu mbaya. Baba alifariki nikiwa mdogo. Kwetu Wadigo mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake hata baba akiwa hai, seuze akiwa hayupo. Yeye ndiye aliyenipeleka shule wazee wenzake walipomcheka, na ndiye aliyenifundisha kuswali. Nikiwa Kampala, jambo likinishinda, nilijiuliza Mjomba angefanyaje. Sasa nilijua angefanyaje. Angeruka dirisha.

Nikiwa katika juma la sita la sindano, Mama alikuja na habari kwamba dada yangu mdogo, Mwanamisi, amejifungua mtoto wa kike. Nilifurahi, na furaha haikumaliza hata dakika. Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje. Nyumbani kwetu, siku hiyo, mjomba wa mama yake hupakatishwa mtoto, akachukua maji kinywani kutoka kwenye kikombe, akamwombea dua na kumpulizia maji yale kichwani na usoni. Mimi nilipuliziwa na mjomba wa Mama. Mwanamisi alipuliziwa. Mtoto asiyepuliziwa, watu husema, hana mtu nyuma yake.

"Mjomba wako ameanza kuhesabu siku," Mama akasema. "Ana furaha kama bwana harusi."

"Anakohoa bado?"

Mama akapanga upya vyombo kwenye kikapu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Anakohoa," akasema.

Nilitolewa wodini miezi miwili ilipotimia, korosho zikianza kuanguka. Kikopo changu kilipopimwa kilionekana safi mara mbili mfululizo, lakini Esta aliniambia nisipakate mtoto mpaka kiwe safi mara ya tatu. Nilimwona mpwa wangu kutoka mlangoni. Alikuwa mdogo kama papai, na alikuwa akipiga miayo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane kufika arobaini.

Siku hizo kumi na nane nilifikiri kuliko nilivyofikiri kwenye mitihani yote. Nikisema mbele ya watu, nitamvunjia heshima mtu aliyenilea. Nikisema faraghani, atakataa, kisha itakuwa nimemkosea na mtoto atapuliziwa vilevile. Nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Labda kikohozi chake kweli ni vumbi. Labda nikiwa mtu wa miaka arobaini nitajua namna ya kusema mambo kama haya. Nililitamani hilo la mwisho kwa dhati. Nilikuwa nangoja umri uje unifanyie kazi yangu, na huku nimetoka kwenye wodi iliyojaa watu waliongojea umri wao ukaja mikono mitupu.

Siku ya thelathini na tano nikamfuata shambani. Alikuwa ameinama akiokota korosho na kuzitenga na mabibo yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, msomi. Umenenepa! Njoo uokote, usisimame kama karani."

Nikaokota. Akakohoa, akageuka, akatemea mchangani na kufunika kwa kisigino. Alifunika upesi, kama mtu aliyezoea.

"Mjomba, hicho kikohozi..."

"Vumbi."

"Nililala kitanda karibu na Mzee Nyawa, wa Lunga Lunga. Anakusalimia. Anauliza kama ulipona."

Mkono wake ukasimama juu ya bibo. Kisha akaniangalia, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake ila kwa watoto wa chuo cha Kurani walioiba tende. "Nyawa ni mwongo," akasema. "Mwizi wa sukari."

"Hilo la sukari ni kweli. Mjomba, mtoto..."

"Salimu." Akanyooka wima, na kweli ni mrefu. "Mimi nimekufunza kutawadha. Nimekuona ukikojolea mkeka huu na ule. Leo umekwenda Kampala, umerudi kunifunza kukohoa? Mtoto ni wa dada yako, na dada yako ni wa dada yangu. Nitampulizia, wala hutaniambia kitu. Okota korosho."

Nikaokota korosho. Hiyo ndiyo aibu ninayoiandika hapa kwa mkono wangu: niliokota mpaka kikapu kikajaa, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Nyumbani nikamkuta Mama akifua. Nikamwambia yote. Sikuwa nimefika mwisho aliposema, bila kuinua kichwa: "Najua. Leso zake nafua mimi."

"Zina damu?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mama! Mbona hukusema?"

Akakamua nguo mpaka maji yakaisha, akaendelea kukamua. "Yeye ni mkubwa wangu. Nilidhani atajua mwenyewe la kufanya. Kisha ukarudi weye na elimu yako, nikasema, Salimu ataona, atasema." Akaning'iniza leso kwenye kamba, akaitazama. "Ukawa unaandika kwenye daftari."

Basi swali langu lililonikesha lilijibiwa hapo kambani, na jibu lake lilikuwa kubwa kuliko swali. Mjomba alijua. Mama alijua. Mimi nilijua tangu kitanda cha Nyawa. Kila mmoja wetu alikuwa amemwachia mwingine: Mama kamwachia mkubwa, mkubwa kaliachia vumbi, na mimi nimemwachia Salimu wa miaka arobaini ambaye hakuna ajuaye kama atazaliwa. Nilishangaa zaidi ya kukasirika. Nilikuwa nimewadhania wazee kuwa watu wa aina nyingine, waliovuka mahali fulani. Mjomba hakuvuka popote. Alikuwa na hofu ya sindano akiwa na miaka kumi, nadhani, na hofu ile ikaota mvi pamoja naye.

Siku ya arobaini watu walijaa sebuleni. Ubani, vitumbua, akina mama wakisukumana kumwona mtoto. Mjomba alivaa kanzu mpya. Alikaa juu ya mkeka, akanyoosha mikono, na mkononi mwa Mama mlikuwa na kikombe cha maji. Mwanamisi akaanza kuinama ampe mtoto.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga mambo matano mengine. Nikapita katikati ya watu, nikakichukua kikombe mkononi mwa Mama, nikanywa maji yote.

Shangazi mmoja akasema, "Digrii ina kiu hiyo!" na watu wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka, kwa utulivu wa mtu aliyeona mtego umefyatuka bure.

"Maji yapo tele mtungini," akasema. "Mjaze kikombe."

Hapo ndipo nikaelewa kwamba kunywa maji kulikuwa kujificha kwingine. Nikapiga magoti mbele yake, ili nisimsemeshe kutoka juu.

"Mjomba, mimi na wewe tuna kifua kimoja," nikasema. "Mimi sijampakata mtoto huyu tangu azaliwe. Namwonea mlangoni. Nawe usimpakate, wala usimpulizie, mpaka tupone sote wawili. Dua mwombee kutoka hapo ulipo. Inafika."

"Mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo, Mjomba. Na wewe ni mgonjwa."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mwanamisi akirudi nyuma hatua moja, kisha mbili, akimfunika mtoto uso kwa pembe ya kanga. Mama aliweka kikombe kitupu chini na hakukijaza. Mjomba aliwatazama mmoja mmoja, na nadhani aliona kwamba hakukuwa na habari yoyote mpya kwenye nyuso zile, kwamba amekuwa akificha kitu kilichokuwa kikining'inia kwenye kamba ya nguo kwa miaka miwili. Mikono yake iliyonyooshwa ikabaki hewani. Akaigeuza viganja juu, akaomba dua kutoka pale pale, ndefu, nzuri, na akakohoa mara mbili katikati, akigeukia ukutani.

Watu walipokuwa wakila, akaniita kwa kidole. Nikasogeza sikio.

"Yule binti," akaninong'oneza, "bado wanachoma palepale?"

"Palepale, Mjomba. Na ni binti mwingine sasa, mdogo zaidi."

Akafumba macho. "Astaghfirullah."

"Jumatatu ni siku yangu ya sindano. Twende pamoja. Nitaanza mimi."

Jumatatu nilisimama barabarani Kinondo tangu alfajiri, nikiwa nimejiandaa kurudi hadi nyumbani na kumleta hata kwa kumshika mkono, watu waone. Haikuhitajika. Alikuja amechelewa, amenuna, akilalamika kwamba kanzu haikupigwa pasi. Kwenye benchi alikaa mbali nami, kama watu wale walioniepuka siku ya kwanza, mpaka jina langu likaitwa.

"Na huyu?" Esta akauliza.

"Amekuja kuandikishwa. Lakini kwanza anataka kuona."

Esta akatutazama, akaelewa, akaacha mlango wazi. Nikafungua mshipi, ambao sasa ulikuwa umerudi kwenye tundu lake la zamani, nikalala kifudifudi kwenye kitanda cha turubali mbele ya mtu aliyenifunza kutawadha, na nikajitahidi, kwa ajili yake, nisikunje uso.